Nchi Iliyochimba Kijicho

Nchi ninayoisema siitaji jina. Nikiitaja, nchi za jirani zitanuna kwamba zenyewe sikuzitaja, na hapo ndipo yanapoanzia mambo yote nitakayowapasha. Itoshe mjue ni nchi ya watu wazuri, wakarimu, wanaopendana kupita kiasi, ila kila mtu akitaka kupika huazima sufuria ya jirani, apate uhakika kwamba jirani hapiki.

Sisi tulikaa mtaa wa Msufini, nyumba ya tatu kutoka kisimani. Ungeniuliza utajiri wangu nini, ningekuonyesha ukumbi wangu. Kila alasiri ulijaa. Mwantumu msusi alikuja na wateja wake akawasukia hapo hapo, kahawa ikachemka, kashata zikakatwa, na habari za mji zilipita kwangu kwanza ndipo zikaenda redioni. Na pembeni yangu, mkeka mmoja, goti kwa goti, alikaa Zuwena wa nyumba ya pili, shoga yangu wa miaka ishirini na sita. Tukinunua doti ya khanga, kipande kimoja chake, kimoja changu. Ukimwona mmoja barabarani ulijua nusu nyingine iko wapi.

Ushikeni huo ukumbi, maana ndio nitakaoulilia.

*

Mwaka ule Serikali iliishiwa karatasi za kuchapia noti. Karatasi zilikuwapo, jamani, tusiwasingizie, lakini zote zilikwisha kwa kuchapa hotuba ya Waziri juu ya kubana matumizi. Basi Waziri wa Fedha na Mambo Yasiyoshikika, Mheshimiwa Dakta Profesa Lubinza, akatokea kwenye televisheni, nasi tumejazana ukumbini kumtazama.

"Ndugu wananchi!" akasema. "Dunia imehama! Pesa ya kushika ni pesa ya kizamani, pesa ya vidole! Sisi tunaingia katika sarafu ya mtandaoni, sarafu isiyo na mwili, isiyochakaa, isiyoibika, isiyo..."

"Isiyokuwepo," akamalizia Mwantumu, sega mdomoni.

"...isiyo na mpaka! Nayo itaitwa Upepo! Mfanyabiashara wa kesho hatakuwa na duka, hatakuwa na bidhaa, hatakuwa na mteja. Atakuwa na faida tupu! Fursa ziko angani, ndugu zangu. Inueni vichwa!"

Tukainua vichwa. Tukaona bati linalovuja. Tukapiga makofi, kwa kuwa makofi yalikuwamo kwenye kifungu cha tatu cha sheria.

Wiki ile ile Mwantumu akamwoza binti yake, na hapo Upepo ukapata mtihani wake wa kwanza. Kwetu mwanamke hatoi pesa harusini, anatunza. Noti unazipiga pasi tangu asubuhi, unazipanga kama feni, unaingia uwanjani kwa madaha mkono juu, unamzunguka bibi harusi mara tatu hata waliomo jikoni watoke wakuone, ndipo unambandika moja moja kwenye paji la uso. Pesa ni ya bibi harusi, lakini kuonekana ni kwako.

Sasa siku hiyo wanawake arubaini tulisimama na simu, tunabonyeza. Ukumbi wa harusi kimya kama chumba cha mtihani. Mama mmoja wa upande wa bwana harusi alibonyeza, akacheza mpaka akagaragara chini, wapambe wakamsimamisha. Baadaye ikajulikana katuma robo ya Upepo, bei ya ndimu. Aliyetuma nyingi kuliko wote hakuna aliyemjua, na alirudi kwake na homa. Bibi harusi akaangua kilio, na si kile cha kuagana na mama.

Zuwena akaniinamia sikioni. "Shoga, pesa asiyoiona mtu ina raha gani?"

"Kama kuvaa dhahabu kaburini," nikamjibu.

Tukacheka mpaka tukatolewa nje. Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yetu. Kufika mwisho wa mwezi, Upepo haukununua hata ndimu.

*

Waziri hakukata tamaa. Aliunda kamati, kamati ikazunguka nchi kumi na moja kufanya utafiti, ikarudi imenenepa na ripoti ya mstari mmoja: *Thamani ya pesa haimo ndani ya pesa; imo ndani ya jicho la jirani.*

"Waheshimiwa!" akaunguruma bungeni. "Dhahabu tumeshauza. Gesi tumeshaahidi. Je, tumebakiwa na maliasili gani? Kijicho! Kijicho kipo kila nyumba, hakiishi, hakioti kutu, wala hakihitaji barabara!"

Wabunge walishangilia dakika nane, na kila mmoja alimchukia kwa kulisema yeye kwanza.

Sheria ikapita. Kila nyumba ikawekewa kidude cheupe ukutani, ukubwa wa kipande cha sabuni, jina lake kipima-kijicho, na juu ya paa ikafungwa spika. Roho ya jirani yako ikichoma, kidude chake kinanusa, taa yake inawaka, na sarafu mpya ya Upepo inazaliwa papo hapo na kuingia kwenye simu yako wewe uliyeonewa kijicho. Kisha spika yako inapiga vigelegele, mtaa mzima usikie. Spika, pamoja na vidude vyake, zilitoka kampuni ya shemeji yake Waziri, mkataba wa miaka kumi, umelipwa wote mbele. Mkataba huo msiusahau nao.

Kwetu alikuja kufunga Bwana Mkwezu, Afisa Mpimaji, kijana wa makamo mwenye tai fupi. Alinipa fomu: *Jirani yako ana nini ambacho wewe huna?*

Nikaandika: *Mimi sina wivu.*

Akasoma, akanitazama, akatazama ua wa Zuwena, akakata mstari wangu na kuandika kwa mkono wake: *Unatosha.*

*

Haukupita mwezi, kaka yake Zuwena aliye ughaibuni akamletea friji. Si friji mnazozijua. Ilikuwa ya milango miwili, ina kidomo mbele, ukikibonyeza inakutemea maji ya baridi kwenye glasi bila kufunguliwa. Wanaume wanne waliisukuma mtaa mzima kwa mkokoteni, polepole, na nadhani walilipwa kwa huo upolepole.

Nilikuwa nimekaa kwangu na wageni wangu. Nikasema kwa moyo mweupe, mashahidi ninao: "Alhamdulillahi, shoga yangu kapa..."

Sikulimaliza neno. Juu ya paa la Zuwena: *Lililililiiiii!*

Wanawake wote wakanigeukia.

"Nini?" nikauliza. "Mtaa huu una nyumba nyingi."

"Lakini taa inayowaka ni ya kidude chako, Nyamizi," akasema Mwantumu.

"Mimi sina wivu."

*Lililililiiiii!*

Basi ikawa ndiyo hivyo. Kwa Upepo wa ile friji Zuwena akanunua sofa, jekundu, la mahameli, lenye miguu ya simba. Nilipoliona, likamzalia televisheni pana kama mlango wa msikiti. Televisheni ikamzalia vigae. Na Upepo ulipanda, hata wenye maduka wakawa wanaugombania. Kila alichonunua yule mwanamke alikinunua kwa roho yangu. Mimi nikawa naamka asubuhi, najiambia leo sitazami. Nachungulia tu kwenye upenyo wa makuti, nijue kama shoga yangu yu mzima. Yu mzima! Kavaa doti nzima, peke yake, juu na chini! *Lililililiiiii!*

Wageni wangu walianza kwenda kwake mmoja mmoja. Kwanza waliaga: "Naenda kuiona friji mara moja." Halafu wakaenda kunywa maji ya baridi. Halafu wakaacha kuaga. Mwantumu ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alikunja masega yake taratibu, hanitazami.

"Na wewe?"

"Wateja ndio wananivuta, dada. Wanasema kwako spika inawapigia kelele."

"Spika iko kwake!"

"Lakini kelele zinatoka kwako."

Nikabaki na mkeka mmoja na mtu mmoja. Kahawa ilipoa birikani. Kashata nilizikata kwa mazoea, vipande ishirini, nikavila mwenyewe.

*

Wafanyabiashara, nyinyi mnawajua, hawakulala. Wenye maduka ya samani waliacha kuuza sofa, wakawa wanazikodisha kwa saa: sofa linapitishwa mtaani, linaingizwa mlango wa mbele, linatolewa wa nyuma. Mafundi walipaka rangi upande wa nyumba unaotazama barabara tu. Kulikuwa na bwana aliyekodisha jamaa wenye magari. Jamaa anakuja kwako amevaa suti, anapaki mlangoni, anakuita mjomba kwa sauti kubwa, anakunywa soda, anaondoka. Mwingine akafungua chuo cha kuwafundisha watu kucheka kwenye simu, hata asiyepigiwa adhaniwe kaambiwa neno la heri.

Benki nazo zilizitupilia mbali hati za nyumba, zikataka dhamana moja tu: jirani mwenye roho mbaya, aliyethibitishwa.

Viwanja vinavyopakana na mimi vikapanda bei mara tatu. Madalali walikuja na wateja wao, wakasimama kwenye ua wangu kama wanatazama ng'ombe.

"Ndiye huyu, mheshimiwa. Mtazame macho. Ana miaka ishirini mingine ya kuchoma huyu."

"Hana ugonjwa wa kuridhika?"

"Ah wapi! Ukoo wao hawajawahi."

Kisha akaja Mkwezu na cheti chenye utepe: *Mgodi Namba Moja wa Wilaya.* Akanipa mkono, akapiga picha, akanisomea masharti. Nisitoke wilayani bila kibali. Nisipewe zawadi. Nikipata bahati yoyote, niitolee taarifa ndani ya saa ishirini na nne ili Serikali ione namna ya kuniondolea.

"Na mimi napata nini, mwanangu?"

"Heshima, mama."

"Sarafu si ninazizaa mimi?"

"Unazizaa, ndiyo."

"Na anachukua Zuwena?"

Mkwezu akanionea huruma, kama mtu anayemweleza mtoto. "Mama, umeona wapi shimo la dhahabu linapanga foleni ya mshahara?"

Nilijaribu kuacha. Wallahi nilijaribu. Nilifunga siku tatu. Nilikunywa mwarobaini mpaka ulimi ukafa ganzi. Nilikaa chini nikahesabu neema zangu, nikafika ya nne, nikajiuliza Zuwena amefika ya ngapi. *Lililililiiiii!*

*

Siku moja adhuhuri, jua limesimama, mlango ukagongwa. Zuwena. Miezi mitano alikuwa hajavuka kizingiti changu. Kashika sahani ya mkate wa kumimina, kaifunika kawa, na mwenyewe kakonda shingo.

"Karibu, tajiri," nikamwambia.

"Usiniite hivyo, Nyamizi." Akafunga mlango nyuma yake. "Una nini wewe? Jana spika imelia mara mbili tu. Juzi mara tisa. Unaumwa?"

"Umekuja kumkagua ng'ombe wako kama anatoa maziwa?"

Akaweka sahani chini. Akakaa kwenye mkeka, palepale pake pa zamani, akaitazama birika.

"Shoga, mimi lile sofa sijalikalia hata siku moja. Lina nailoni. Mkwezu kaniambia nikilichakaza wivu utashuka. Nakaa jikoni, kwenye kibao cha mbuzi, nakuna nazi hata kama sina cha kupika, nipate sababu ya kukikalia."

"Nyumba yako si imejaa watu?"

"Imejaa. Wananizunguka kutwa, na hakuna anayenitazama usoni. Wote wanatazama friji. Nilikuwa na mafua wiki mbili, hakuna aliyeniambia pole. Friji ilipozimika nusu saa walilia." Akafuta pua kwa ncha ya khanga. "Nina kitu kimoja tu kinachoniambia kuna mtu ananiwaza. Spika ikilia najua ni wewe, najua Nyamizi kaamka, Nyamizi kasimama uani, Nyamizi ananichungulia. Jana iliponyamaza sikulala. Nilisema, kafa yule, na mimi sijaenda kumzika."

Nilitaka kumjibu neno la kumchoma, nilikuwa nimeliweka tayari miezi mitano, limenolewa. Sikuliona lilipokwenda. Nilichoona ni kwamba khanga aliyovaa ilikuwa kile kipande chake cha zamani, cha doti yetu, kimepauka.

"Mkate wenyewe umeutia iliki?" nikamwuliza.

"Nimetia. Nyingi. Unavyopenda."

Tukaula wote, mpaka makombo. Alipotoka nikatazama ukutani. Taa ya kidude changu ilikuwa imezimika.

*

Haikuwaka kesho yake, wala siku ya tatu. Kumbe, nami sikuambiwa, bei ya Upepo kwa nchi nzima ilikuwa inasomwa kutoka migodi mikubwa mitatu, na mkubwa ulikuwa mimi. Upepo ukaanguka asubuhi, ukaanguka adhuhuri, na jioni ukawa unaanguka kwa kuwa hakuna aliyeushika. Siku ya nne nikaamshwa na ving'ora. Magari ishirini na mawili, Mheshimiwa Lubinza mwenyewe ndani ya la katikati, na wapiga picha wa televisheni wanarusha moja kwa moja.

"Mama yangu," akasema, kanishika mikono yote miwili, "Taifa linakuomba. Ona wivu."

"Siwezi, baba. Umekwisha."

"Mleteni jirani! Ileteni friji!"

Zuwena akaletwa, friji ikaletwa, ikatemeshwa maji mbele yangu. Mimi na Zuwena tukatazamana, tukaangua kicheko kile cha siku ya harusi, mpaka tukashikana mabega.

Jasho likamtoka Waziri. "Basi haitoshi hii! Mama huyu amezoea makubwa! Nipeni ile picha ya kwangu nyumbani!"

Mkwezu akanong'ona, "Mheshimiwa, ya kwako tulikubaliana isi..."

"Nipe!"

Akanishikisha kioo cha simu kubwa, na kamera zikasogea, nchi nzima ikaona nilichoona. Nyumba ya vyumba thelathini. Bwawa la kuogelea. Bwawa la pili, la farasi kuogelea. Kisima cha umeme chenye bomba tatu, na juu ya pampu yake maandishi meupe: *Mradi wa Maji, Mtaa wa Msufini.*

"Haya, mama," akasema kwa upole. "Tazama kwa roho mbaya. Taratibu. Usijizuie."

Nikatazama. Nikautafuta wivu kila mahali ninapouwekaga, sikuuona. Wivu unamwonea mtu uliyechota naye maji ndoo kwa ndoo, ukajua mlitoka pamoja na yeye akafika. Huyu tulichota naye wapi? Kikaja kitu kingine, kimetoka miguuni, kimepanda kimya kimya mpaka utosini. Kidude ukutani kikawaka rangi ambayo hatujawahi kuiona. Kikatoa moshi.

Waziri akachangamka. "Umeona! Wivu umerudi! Mkwezu, soma!"

Mkwezu alisoma, akafuta miwani, akasoma tena. "Mheshimiwa, hiki si kijicho."

"Ni nini?"

"Hakimo kwenye jedwali."

"Kinazaa sarafu?"

"Hapana, mheshimiwa. Na napokea taarifa vidude vyote nchini vimewaka rangi hii hii." Akalegeza tai. "Nashauri tuondoke."

Waliondoka kinyumenyume, magari ishirini na mawili, mtaa wetu hauna pa kugeuzia. Upepo ukazikwa alasiri ile. Sofa za kukodi zilirudishwa, nyingine zikikimbizwa. Mheshimiwa Lubinza aliwajibishwa vikali: akahamishiwa Wizara ya Maji, ambako nasikia ameunda kamati.

*

Siku ya pili yake nilichemsha kahawa bila kutegemea kitu. Mwantumu akaingia na masega, akaniamkia kama aliyetoka jana. Wakafuata wateja, wakafuata majirani, mpaka viatu vikajaa barazani. Kila mmoja anasimulia jinsi Waziri alivyorudi nyuma, mwingine anamwigiza, kashata zinapita mikono, kelele mpaka kisimani.

Zuwena alichelewa. Alikuwa akihamishia nguo zake kwenye friji, maana umeme wa kuiwasha ulikuwa umekatwa, na kabati zuri kama lile hajawahi kuwa nalo. Alipofika alisimama mlangoni. Hapakuwa na nafasi. Pembeni yangu, goti kwa goti na mimi, alikuwa amekaa mteja mmoja wa Mwantumu, kichwa nusu kimesukwa, ananisimulia habari moto na mimi nacheka.

Spika ya paa langu haikuwahi kulia tangu ifungwe. Njiwa walishajenga ndani yake. Lakini mkataba, nilishawaambia, ulikuwa wa miaka kumi, umelipwa wote mbele.

*Lililililiiiii!*

Njiwa wakaruka. Kashata zikasimama mikononi. Kisha vichwa vyote, vilivyosukwa na visivyosukwa, vikageuka mlangoni.

"Nini?" akasema Zuwena. "Mtaa huu una nyumba nyingi."

"Zuwena..." akaanza Mwantumu.

"Mimi sina wivu!"

*Lililililiiiii!*

Nikamgusa yule mteja begani. "Sogea, mwanangu. Hapo pana mwenyewe."

Simu yangu ilinionyesha Upepo mbili. Hazinunui hata kiberiti. Mpaka leo sijazigusa, na asiyeamini aje azione. Lakini aje mapema, alasiri kwangu hapakosi kujaa.